Choroko za Maige

Jumapili, 2 Machi

Mvua imepiga tangu alfajiri mpaka saa nane mchana. Duara la kina Maige, shimo lao la dhahabu, limejaa maji hadi mdomoni, kwa hiyo wachimbaji wamejaa mjini, wanazunguka kama kuku walionyeshewa. Mimi nafurahi, Mungu anisamehe. Maji yakiwa shimoni, mume wangu yuko juu ya ardhi.

Leo wamecheza tena. Naandika kwa sababu Dada Vaishali amesema niandike. Yeye ni mkwe wa Mzee Lalji mwenye duka la vifaa hapa Kharumwa, na cherehani yangu iko kwenye baraza lao, mwaka wa pili sasa. Aliolewa kutoka Mwanza. Hapa hana ndugu, na mume wake kila wiki yuko barabarani kufuata mizigo. Mwaka jana akatoa sanduku la mchezo aliokuwa akicheza chuoni, akatandika meza hapo karibu na cherehani yangu. Si bao, si karata. Kila mchezaji anabuni mtu wake, anampa jina na kazi, halafu msimulizi anasema, "Mmefika kwenye pango, mnasikia harufu ya moshi, mnafanyaje?" Nawe unasema unavyofanya. Jambo likiwa gumu unarusha kete. Ina pande ishirini, inang'aa kama pipi.

Wachezaji ni wanne. Donatus anachimba duara moja na Maige, mtu wake ana shoka na anaitwa Radi. Dada Limi ni mama lishe wa stendi, mtu wake ni mganga. Rushabh ni shemeji yake Dada Vaishali, mtu wake ni mchawi wa moto. Na Maige, baba Zipora wangu. Mtu wake anaitwa Kamba. Nilimuuliza jina gani hilo, akasema, "Si ndiyo kazi yangu." Kweli, duarani yeye ndiye mvuta kamba.

Mchezo ukiisha msimulizi anagawa pointi za uzoefu. Dada Vaishali anatumia choroko. Kila mtu ana chupa ya maji iliyokatwa kichwa, imechorwa mistari miwili kwa kalamu ya wino. Choroko zikifika mstari wa kwanza mtu wako amepanda ngazi, zikifika wa pili amekuwa shujaa kamili.

Watu wazima wanalilia choroko! Nilicheka mpaka uzi ukakatika.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshona sare tatu. Zipora ameota jino la nne.

Alhamisi, 6 Machi

Dada Vaishali ameondoka kwenda kujifungulia kwao Mwanza. Kabla ya kupanda gari ameniita pembeni, mkono mmoja umeshika tumbo.

"Mama Zipora, utasimulia wewe."

"Mimi? Dada, mimi darasa la saba."

"Nani ameandika safari zote tangu mwaka jana? Watu wao unawajua kuliko wenyewe."

Amenipa karatasi za safari mpya. Mwisho wake ni Mlango wa Shaba, na haingii mtu ambaye hajafika mstari wa pili. Chupa zote zinaanza tupu. Halafu akanishika bega, macho yamemjaa.

"Nikirudi na mtoto niikute meza. Nikikuta watu wametawanyika, mimi hapa nitabaki na kuta tu."

Nikamwahidi. Ahadi imetoka mdomoni kabla sijaipima.

Jumapili, 9 Machi

Nimesimulia!

Mwanzoni kete iliniponyoka ikaangukia kwenye kikapu cha vitambaa. Nikasema mmefika kijiji cha wakulima wa mtama, nyani wenye mabawa wameiba chakula chote cha ghalani. Kimya. Nikafikiri wamechoshwa. Kumbe wanangoja. Nikaongeza ya kwangu ambayo hayapo kwenye karatasi, kwamba nyumba moja tu inatoa moshi, na ndani bibi mmoja anachemsha matobolwa, viazi vitamu vikavu. Dada Limi akasema, "Naingia hapo hapo, mengine baadaye." Basi ikawa rahisi. Maneno yalikuja yenyewe kama maji ya mfereji. Radi alikata nyani, mchawi akachoma, mganga akafunga vidonda, na Kamba akaenda kuufunga mlango wa ghala kwa nyuma ili nyani wasitoke na mtama.

Kugawa pointi ndiko kumenitoa jasho. Kwetu Solwa mama alinifundisha hivi: ukigawa chakula, mgeni kwanza, wa nyumbani baadaye, na mgawaji anakomba chungu. Kwa hiyo Donatus na Rushabh nimewamiminia kiganja kizima kila mmoja. Dada Limi nusu kiganja. Maige chembe tatu, watu wasije wakasema.

Nimelala na furaha kama bibi harusi.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Kuta za choo zimelala chini. Maige amezisimamisha tena, hakuitwa na mtu.

Jumapili, 16 Machi

Leo kabla ya kuanza Donatus ameinua kidole.

"Shemeji, tuelewane kuhusu mgao. Duarani aliyeshuka chini ndiye anachukua mgao mkubwa. Mvuta kamba anapata kidogo, mpishi kidogo zaidi. Na huku iwe vivyo hivyo. Aliyeua ndiye ale."

Nikasema sawa. Ni kosa langu.

Walikutana na jitu la darajani. Kila mtu anataka pigo la mwisho liwe lake. Jitu limekufa, Donatus bado analikata.

"Donatus, limekufa."

"Nahakikisha, shemeji."

Rushabh naye akaichoma maiti. "Na mimi nahakikisha."

Wakarukiana wenyewe kwa wenyewe, moto wa mchawi ukamwangusha Radi. Dada Limi akawafunga vidonda wote wawili, akawarudisha kwenye uhai. Mwishoni wao viganja, yeye chembe za kuhesabika.

Ameiinua chupa yake kwenye mwanga. "Nimefufua watu wawili leo, choroko hazifuniki hata kitako cha chupa." Akaiweka chini taratibu. "Jumapili ijayo nina kazi."

Hana kazi. Jumapili stendi inalala.

Jumatano, 19 Machi

Nimemuota Dada Vaishali amekaa na kuta.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda stendi na Zipora mgongoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mama. Mhola, mzima? Mshushe mtoto ale."

Akamwekea Zipora wali na mchuzi wa maharage kidogo pembeni ya sahani. Nikamuuliza wazi kama ametuacha. Akapangusa mikono.

"Mdogo wangu, hapa napika wanaume washibe, na neno ninalosikia kutwa ni 'ongeza mchuzi'. Pale mezani nilidhani mimi ni mganga. Kumbe na kule ni ongeza mchuzi."

Nikaona aibu hadi masikioni. Nikamwambia aje, nitagawa kwa namna nyingine. Akasema, "Nitakuja kukuangalia mkono."

Jumapili, 23 Machi

Dada Limi amekuja. Nimetangaza kuwa kuanzia leo pointi ni kwa kila aliyeisaidia safari, siyo muuaji peke yake. Mganga alipata viganja viwili, mbele ya watu wote.

Donatus akaruka. "Kufunga bandeji kumpite aliyekata kichwa?"

"Kichwa chako wewe kilikuwa ndani ya hiyo bandeji," akasema Dada Limi.

Tulicheka, hata yeye. Lakini nilipomwekea Maige nusu kiganja, kwa sababu alibeba mizigo ya wote kupanda mlima, Donatus akapiga makofi.

"Eeeh! Na baba Zipora leo ameneemeka! Jana alikuletea kanga, au nini, shemeji?"

Wote wakaangua kicheko. Ni utani tu, najua, lakini uso uliniwaka. Nikaingiza vidole kwenye chupa ya Maige nikazitoa choroko, zikabaki chembe chache. Yeye aliisogeza chupa karibu yangu, nizifikie vizuri.

Jumanne, 25 Machi

Zipora amesema neno jipya: "kete". Baba yake amelirudia siku nzima.

Jumapili, 30 Machi

Leo mto uliofurika. Mchawi alisombwa, Kamba akakaa ukingoni ameshika kamba mchezo mzima, huku wengine wanapigana na mamba. Mchezo mtamu, watu waliinuka vitini.

Maige nimempa chembe moja. Alikuwa anatafuna michembe ya viazi, akashukuru, "wabeja," akaendelea kutafuna.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemtazama Maige akimlaza Zipora. Anaimba kwa pua, wimbo wa kulimia. Nimejiuliza kama huu mchezo anaupenda kweli au anakuja kwa sababu niko pale. Donatus ana kiu ya kushinda, mpaka unaiona shingoni. Huyu wangu ni kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

Jumapili, 6 Aprili

Donatus, Rushabh na Dada Limi wamefika mstari wa pili! Wamebakiza wiki moja wafike Mlango wa Shaba. Chupa ya Maige haijafika hata mstari wa kwanza.

"Wewe utatusubiri nje na mizigo," Donatus akamwambia.

"Mizigo inahitaji mtu," akasema Maige, wakacheka.

Mimi sikucheka. Nimekuwa na hasira naye njia nzima ya kurudi, matope yananivua kandambili. Nikamwambia, "Wenzako wote wamefika. Mbona huna bidii?"

Akasimama. Akamhamishia Zipora bega la pili.

"Bidii ninayo, Mama Zipora."

Akaendelea kutembea. Nimekosa amani na sijui kwa nini.

Jumapili, 13 Aprili

Meza imevunjika.

Acha niandike ilivyokuwa. Tulikuwa mbele ya Mlango wa Shaba kabisa. Nilikuwa nimesimama nikiigiza sauti ya mlinzi wa mlango, watu wote macho kwangu. Zipora alikuwa chini, anacheza na vipande vya vitambaa. Hakuna aliyemwona anashika kitambaa cha meza. Alikivuta ili asimame, maskini, siku hizi anavuta kila kitu asimame.

Chupa nne zikaja chini. Choroko zikatapakaa baraza zima, zikaingia kwenye nyufa, chini ya cherehani, nyingine zikabiringika ngazini hadi kwenye maji ya mvua. Zipora ameketi katikati, mdomo umejaa, anashangilia.

Nilimrukia mtoto kwanza. Nikamkung'uta, nikaingiza kidole mdomoni, zikatoka tano. Alikuwa mzima, anacheka. Nilipoinua kichwa watu wamesimama.

Namba hatukuwa nazo. Sikuwahi kuziandika, nilikuwa napima kwa kiganja.

"Basi tugawane sawa kwa sawa," Rushabh akasema.

"Sawa kwa sawa?" Donatus akageuka. "Mimi nimeua jitu. Nimeua mamba wawili. Niwe sawa na huyu?" Akamwonyesha Maige. Halafu sauti yake ikakatika kidogo, na hapo ndipo nikaelewa kuwa hatanii. "Mwezi mzima kule duarani hakuna kitu. Hiki ndicho nilichokipata msimu huu. Hiki tu."

Akachukua kofia akaondoka kwenye mvua. Dada Limi akafunga kanga yake vizuri akasema meza iliyosuswa na mtu hata mmoja haichezeki. Rushabh akafunga kete kwenye sanduku.

Mimi na Maige tuliokota choroko mpaka giza likaanza kuingia. Zote kwenye bakuli moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Choroko ya sita imepatikana leo asubuhi, kwenye nepi ya Zipora.

Saa nne Dada Vaishali amepiga simu. Amejifungua mtoto wa kike jana! Wamemwita Jaya. Nimepiga vigelegele dukani, Mzee Lalji akatoka akidhani kuna nyoka. Halafu Dada Vaishali akauliza simuni, kwa sauti iliyochoka na yenye furaha, "Na meza?"

"Ipo, dada."

Meza ipo kweli. Imeegemezwa ukutani, miguu juu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemfuata Donatus kwenye kijiwe cha kahawa. Wenzake wakaanza, "Donatus, umeshitakiwa!" Akatoka nje akiwa ameukunja uso.

Nikamwambia, "Shemeji, nilikosea. Nilipima kwa mkono na sikuandika. Njoo Jumatatu ya Pasaka. Tutaisimulia safari yote upya tangu siku ya nyani, na kila mtu atarudishiwa chake."

"Na mashahidi?"

"Si sisi wenyewe? Tulikuwepo wote."

Akakuna kidevu. "Jitu langu mtalikumbuka?"

"Ulilikata mpaka likawa supu. Nani atasahau?"

Akacheka bila kutaka. Hakusema atakuja, hakusema haji.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mkono unauma, lakini silali kabla ya kuandika haya.

Wamekuja wote. Donatus wa mwisho, na shati la kanisani. Dada Limi ameleta pilau, Rushabh ameleta ladu, vitamu vya duara alivyotengeneza mama yake. Nimeweka bakuli la choroko katikati, na chupa nne tupu. Nikasema leo sitatumia kiganja, nitatumia kijiko cha chai. Mkono wangu una macho, kijiko hakina. Tendo likikubaliwa na meza nzima, kijiko kimoja.

Tukaanza. Ikawa vurugu tupu.

"Jitu la darajani alimaliza nani?" nikauliza. Radi akasema yeye. Mchawi akasema yeye. Hata Dada Limi akasema ni dawa yake ya usingizi.

"Jitu lilikuwa moja," akasema Rushabh, "limekufa mara tatu."

Kila mmoja akijisemea, mwingine anambishia. Nusu saa, hata kijiko kimoja hakijatoka. Nikaona Donatus anaitazama kofia yake. Nikajua akiishika safari hii, harudi.

Hapo Dada Limi akagonga sahani. "Ninyi! Hivi hata kuposa, mtu anajiendea mwenyewe? Ukijipeleka ukweni ukaanza kusema mimi ni mzuri, mimi nalima, si utafukuzwa na mbwa? Mtu anasemewa na mshenga! Hapa pia kila mtu asemewe. Wewe mwenyewe funga mdomo."

Wakatazamana. Donatus akasema, "Hilo lina akili." Tukarusha kete kupanga washenga. Rushabh amsemee Dada Limi. Dada Limi amsemee Donatus. Maige amsemee Rushabh. Donatus amsemee Maige.

Ikawa sherehe. Rushabh alisimama kama yuko ukweni kweli, akahesabu kila jeraha lililofungwa na mganga, nami vijiko vinakwenda. Dada Limi akamsemea Donatus vizuri kuliko ambavyo angejisemea, jitu akampa yeye. "Ni lake, nilikuwa natania," akasema. Donatus akainamisha kichwa kama bwana harusi. Maige alimsemea Rushabh kwa maneno machache, lakini hakusahau hata moto mmoja.

Ikafika zamu ya Maige kusemewa. Donatus akasimama, akakohoa.

"Waheshimiwa wakwe. Nimekuja kumsemea kijana wangu. Kusema kweli hana ng'ombe."

Tukacheka.

"Siku ya nyani. Kijana wangu alifanya nini? Kuua nyani sikumbuki. Alifunga mlango wa ghala. Eeh. Kama asingefunga, tungeua nyani na mtama usingekuwepo." Akanitazama. "Kijiko, shemeji."

Meza ikakubali. Kijiko.

"Darajani. Mimi na Rushabh tulipigana kama majogoo, nikaanguka. Nani aliniburuta hadi kwa mganga?" Dada Limi akasema, "Kamba." Kijiko. "Mlimani, mizigo ya wote." Kijiko. "Mtoni." Hapo akapunguza sauti. "Mtoni alishika kamba muda gani?"

"Mchezo mzima," akasema Rushabh. "Mimi ndiye nilikuwa majini. Alirusha kete mara sita kwa ajili yangu. Angekosa mara moja tu, nimekwisha."

Mara sita. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemwambia arushe, kila mara, halafu nikampa chembe moja.

"Vijiko sita," akasema Donatus. Mvua ikasikika kwenye mabati. Alipoanza tena hakuwa mshenga, alikuwa Donatus.

"Wakwe, niwaambie kitu. Huyu ndiye anayenivuta mimi duarani. Nikiwa chini simwoni, naona kamba tu. Jioni nikifika kijiweni nasema, leo nimetoka na viroba kumi vya mawe. Miaka minne nasema nimetoka. Sijawahi kusema nimetolewa."

Akaketi, akajishughulisha na pilau.

Nikapima vijiko. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Chupa ya Maige ikaipita ya Donatus kwa kidole kizima, na Donatus mwenyewe ndiye aliyeziweka sambamba ili wote tuone. Mimi nikashindwa kukiweka kijiko chini.

Nikasema, "Hizi zilikuwa zake tangu mwanzo. Nilimnyima. Siyo kwamba sikuona, niliona. Nilimnyima kwa sababu ni wangu. Niliogopa mtasema nampendelea."

Donatus akajipiga paji la uso.

"Kumbe! Sisi wageni unatulisha firigisi, mwenye nyumba unampa kucha!"

Walicheka mpaka Mzee Lalji akachungulia mlangoni kuuliza kama ladu zina kitu ndani. Dada Limi alicheka huku anamfinya Donatus: "Na wewe ndiye ulimtia hofu na maneno yako ya kanga." Donatus akasema anatubu, ni Pasaka.

Nikamgeukia Maige. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Akafikiri. Yeye akiulizwa huwa anafikiri kweli. "Ningesema ungenipa. Halafu kila Jumapili ungekuwa unaniangalia kwanza kabla ya kusimulia. Nilitaka usimulie tu. Ukisimulia, Mama Zipora, mimi nauona ule mto."

Nimeolewa naye miaka mitatu. Nilidhani ni mtu anayesubiri mvua ikatike.

Jumapili, 27 Aprili

Wameingia Mlango wa Shaba, wote wanne. Kamba mbele! Donatus ndiye aliyesema atangulie. Pointi zimegawiwa kwa kusemewa na washenga, kwa kijiko, na sasa naandika namba. Hakuna aliyenuna, ila Rushabh alilalamika mshenga wake ana kigugumizi. Mshenga wake alikuwa Maige, wala hana kigugumizi, ni mtu wa maneno machache tu.

Jumapili, 4 Mei

Mvua kidogo. Maboga mengi. Mchezo mtamu.

Jumatatu, 19 Mei

Duara limekauka. Maige na Donatus wamerudi kazini leo. Nilimfungia maboga yaliyochemshwa kwenye kitambaa nikamwambia, "Shika vizuri." Akasema, "Nashika siku zote." Jioni Donatus amepita kibarazani makusudi, matope hadi kwenye nyusi. "Shemeji! Nimetolewa salama!" Akaenda zake.

Jumapili, 25 Mei

Amerudi!

Dada Vaishali ameshuka kwenye gari, amempakata Jaya ndani ya kitambaa cha njano. Ameacha mabegi, ameacha kila mtu, amekuja moja kwa moja barazani. Alitukuta tumeketi wote wanne na mimi, kete mezani, watu wamechoka na kazi ya wiki nzima lakini wamekuja. Alisimama hapo akatuhesabu kwa macho. Akaanza kulia na kucheka pamoja, Jaya naye akaanza kulia, Zipora akalia kwa kuwaunga mkono.

Watu walipotulia nikainuka nimpe kiti cha msimulizi. Akakikataa.

"Tangu chuoni mimi ndiye nasimulia. Sijawahi kucheza hata siku moja. Nataka na mimi niwe na mtu wangu."

Meza ikalipuka. Dada Limi akamletea kiti. Rushabh akasema shemeji yake aanzie mstari wa pili moja kwa moja, mchezo si ni wake? Donatus akasema amezaa, na kuzaa ni pointi, swali ni ngapi. "Kuzaa ni zaidi ya jitu," akasema Dada Limi, "nawaambia mimi niliyezaa mara nne." Wakabishana kama jitu na uchungu wa kuzaa vinapimwa kwa kijiko kimoja. Maige alikuwa anambembeleza Zipora.

Mwisho wote wakanigeukia mimi.

Nikamtazama Dada Vaishali. Baraza ninaloshonea ni la kwao. Ndiye aliyenipa mchezo, ndiye mgeni, ametoka safari, ana mtoto wa siku arobaini na mbili. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye bakuli la choroko, umejaa kabisa. Nikauona. Nikaufungua, zikarudi bakulini moja moja.

"Dada," nikasema, "chupa yako ni tupu. Wenzako wote walianza hivyo."

Rushabh alifungua mdomo akaufunga.

Dada Vaishali akanitazama, akatazama chupa nne zilizojaa, akanitazama tena. Akachukua chupa mpya, akaikata kichwa kwa mkasi wangu wa kushonea, akachora mistari miwili kwa uangalifu, akaandika jina la mtu wake. Akaiweka mwisho wa safu, nyuma ya chupa ya Maige. Uso wake uling'aa kama wa msichana siku ya kwanza ya shule.

"Haya, msimulizi," akasema, Jaya amelala kifuani kwake. "Mtu wangu anaamka wapi?"

"Ghalani, juu ya magunia ya mtama," nikamwambia. "Nje kuna watu wanne wenye matope. Wanagonga mlango. Unafanyaje?"